Drasena ya Chumba cha Nyuma

Mama alipoteleza bafuni kwake akalala sakafuni mpaka jirani alipomsikia, nilimchukua siku ileile. Alikubali kwa shingo upande. "Nitakaa mwezi," alisema. "Nikichoka, narudi kwangu."

Tangu hapo roho yangu ikawa juu juu. Chumba tulichokuwa nacho ni cha nyuma, dirisha linatazama ukuta wa jirani, na hata mchana unawasha taa ili uone kandambili zako. Mama kazoea ua wenye miti. Nani angekaa mle kwa hiari?

Nikaenda kwenye kitalu cha miche kutafuta mti mrefu, wa kukaribia dari. Nilikuwa nimeshaukumbatia mti wa mpira wenye majani ya kung'aa, mwenye kitalu akanizuia.

"Huo utakupukutishia majani yote, dada. Chukua drasena. Shina refu, majani juu, hauna makuu."

"Unapenda giza?"

"Hakuna mti unaopenda giza. Huu unavumilia tu. Na kwa kuwa haupati jua, haunywi sana. Tia kidole kwenye udongo. Ukikuta unyevu, uache."

Uache! Hilo ndilo neno lililonishinda. Mimi ni msusi, mikono yangu ikikosa kichwa cha mtu inatafuta pa kushika. Kila nikipita nilifuta vumbi kwenye majani, nikageuza chungu, nikatia kidole, nikajidanganya kwamba pamekauka, nikamimina kikombe. Kisha namgeukia Mama: amekunywa dawa? Anasikia baridi?

"Sijambo, mwanangu," anajibu, sikio kwenye redio yake.

Majani ya chini yakaanza kugeuka manjano. Nikajisemea, mti huu ukifa Mama anaondoka. Nikaongeza maji.

Jumapili nikafungua mlango, nikamkuta Mama sakafuni.

"Umeanguka?"

"Nimekaa."

Alikuwa ameung'oa mti, kaulaza juu ya gazeti, anakata mizizi iliyooza kwa mkasi wangu wa kazi. Chumba kizima kilinuka tope.

"Nimekuwa nawatazama tu," alisema. "Wewe unamwagilia asubuhi. Mumeo akitoka kazini ananyata na chupa, 'Mama, usimwambie, naona amesahau.' Nikasema nisiwavunje moyo."

Nikaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Na mimi ni hivyohivyo. Wewe unaniuliza dawa, naye ananiuliza dawa. Nikienda msalani, uko mlangoni. Chumba hakinisumbui, mwanangu. Nyie ndio mnaonichosha."

Iliniuma, tena sana. Nilitaka kumkumbusha ile sakafu ya bafu, nikaona nitaharibu zaidi.

"Kwa hiyo utaondoka?"

"Mwezi ukiisha nitakwambia. Sasa nipishe. Na ufunge mlango."

Nikafunga, nikabaki nimesimama pale pale. Ndani nikasikia chungu kikiburutwa kwenda dirishani. Kikasimama. Kikaburutwa tena, Mama akihema. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kitasa.

"Mama?"

Chungu kikanyamaza.

"Nini?"

"Hamna kitu," nikasema. Nikaenda jikoni, nikaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.