Unga wa Mbao Kwenye Giaboksi

Asteria aliachia klachi taratibu, na gari likatikisika mwili mzima kabla ya kuanza kwenda. Abiria wakagongana mabega. Hakuna aliyelalamika. Watu wa kijiji cha Mamba walikuwa wameshauzoea mlio ule wa mawe yanayosagwa kwenye ndoo, na siku ya soko asubuhi hakukuwa na usafiri mwingine wa kushuka mlimani zaidi ya bodaboda, ambazo kwa utelezi wa mvua za siku hizo zilikuwa zimeshaangusha watu.

Lilikuwa gari la familia la viti saba, lililochoka huko ng'ambo lilikotoka kwa kupeleka watoto shule, likaletwa kuanza maisha mapya kwenye milima ya Upare. Asteria na mumewe Hezroni walikuwa wameuza tangawizi yote ya msimu na ng'ombe wa maziwa ili walinunue kwa Yunus, mwenye yadi ya magari pale Same, kando ya barabara kuu. Asteria ndiye aliyekuwa na leseni. Alijifunza udereva zamani alipokuwa akifanya kazi kwenye zahanati ya misheni.

Kiti cha mbele alikaa bibi Fortunata, aliyekuwa anarudi hospitali kuangaliwa jicho lililofanyiwa upasuaji. Nyuma alikuwepo Iddi, mchuuzi wa tangawizi, amekumbatia kiroba chake kana kwamba kuna mtu angekipora, pamoja na akina mama wa sokoni.

"Hiki kigari chako kinaumwa, dada," Iddi alisema.

"Kitafika."

"Kufika kitafika. Swali ni kama na sisi tutafika."

Walipoanza mteremko mkali wa kwenda bondeni, Asteria aliweka gia ya pili ili injini ilishikilie gari. Lilishika. Walipita kona ya kwanza, wakapita na ya pili. Kisha chini ya miguu yake kikapasuka kitu, mlio mmoja mzito kama wa shoka kwenye gogo, na mti wa gia ukamponyoka mkononi ukarudi katikati. Gari likawa jepesi. Alilazimisha gia irudi, ikakataa. Alikanyaga breki, zikashika, akakanyaga tena, na harufu ya breki zinazoungua ikaingia ndani. Mbele palikuwa na kona, na baada ya kona hakukuwa na kitu ila vilele vya migomba iliyoota chini sana.

"Shikeni viti," alisema.

Akakata usukani upande wa mlima. Gari lilikwaruza ukuta wa udongo, likarukia kwenye mtaro, likasimama limelala ubavu kidogo.

Kwa muda ilisikika tangawizi tu, ikidondoka moja moja kutoka kwenye kiroba cha Iddi. Halafu bibi Fortunata akaanza kuguna. Mkono wake wa kushoto, uliogonga mlango, ulikuwa unatoka damu na umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

Iddi alitoka kwa kupitia dirishani, akazunguka hadi upande wa Asteria kwa hasira. "Ulijua hii gari ni mbovu. Ulijua, na bado ukatupakia kama mihogo."

Akina mama wa sokoni walikusanya vikapu vyao wakaendelea kushuka kwa miguu bila kumuaga. Mmoja wao, jirani yake wa kanisani, alimtazama kisha akageuza uso.

Lori la tangawizi ndilo lililowaokoa. Dereva wake alimpandisha bibi Fortunata mbele, akalifunga gari kwa mnyororo, na Asteria akakaa peke yake nyuma ya usukani, akivutwa kwenye matope na moshi wa lori hadi Same. Mnyororo ulipolegea alikanyaga breki zilizobaki, na ulipokaza kichwa chake kilirushwa nyuma. Kila alipopepesa macho aliiona ile migomba.

Hospitali, wakati bibi Fortunata anasubiri kupigwa picha ya mkono, alimwita Asteria.

"Ule mlio, mwanangu. Ulikuwa unausikia?"

"Nilikuwa nausikia, bibi. Nilienda kwa aliyetuuzia. Akaniambia gia bado hazijazoea milima, nisubiri."

"Na ukasubiri na sisi tukiwa ndani."

"Ndiyo, bibi."

Kikongwe alifumba jicho lake zima. "Haya. Nenda kwa huyo aliyekuuzia. Mimi nishafika nilikokuwa nakuja."

Gereji ya fundi Mbaraka ilikuwa imepakana na yadi ya Yunus, ikitenganishwa na uzio wa mabati. Mbaraka aliingia chini ya gari na wasaidizi wake, wakashusha giaboksi, wakaiweka juu ya gunia. Alipofungua kifuniko, kilichotoka hakikuwa oili. Kilikuwa uji mzito mweusi, na ndani yake chembe za rangi ya kahawia. Alizisugua kati ya vidole, akanusa.

"Unga wa mbao," alisema. "Umechanganywa na grisi. Meno ya gia yakiisha, gari inalia. Ukiijaza hivi inanyamaza, mteja anajaribu hapa kwenye lami, anaridhika, analipa. Baadaye inaanza kulia tena."

Kisha akamwonyesha flaiwili, lile gurudumu zito la chuma linalokaa kati ya injini na klachi. Lilikuwa limepasuka vipande viwili. Kwenye mpasuko palionekana mstari wa kuchomelea, mnene na wa haraka, kama kovu lililoshonwa na mtu mwenye safari.

"Hii haichomelewi," Mbaraka alisema kwa sauti ya chini, akitazama uzio wa mabati. "Dada, mimi nimekufungulia tu. Usinitaje kule. Hii sehemu nimepanga kwake."

Asteria alikwenda kwenye yadi na mikono yake myeusi kwa grisi. Yunus alikuwa na wateja, mwanamume mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na mkewe, na mtoto wao mdogo aliyekuwa ameshapanda kiti cha nyuma cha gari la viti saba, jeupe, lililong'arishwa kwa mafuta. Yunus alipomwona alimshika kiwiko kwa upole, akampeleka kando.

"Nimesikia. Poleni sana. Lakini mama, tuliandikishana kwamba unachukua gari kama lilivyo."

"Hukuniambia lina unga wa mbao."

"Mimi sikuingia kwenye giaboksi. Gari lilikaguliwa. Afande mwenyewe yule pale."

Askari wa usalama barabarani alikuwa anaegesha pikipiki getini. Asteria alimfahamu. Siku ile ya kununua, ni yeye aliyelizunguka gari akiwa na chupa ya soda mkononi, akapiga teke tairi moja, akaandika kwamba ni zima, na kubandika stika kwenye kioo.

"Wewe ndiye dereva wa ajali ya mlimani?" askari aliuliza. "Umebeba abiria kwenye gari binafsi. Gari bovu. Umejeruhi mtu. Hayo ni makosa mangapi?"

"Gari ulilikagua wewe, afande."

"Siku niliyolikagua lilikuwa zima. Wewe umelipeleka wapi?"

Yunus aliingia katikati akitabasamu. "Tusifike huko. Mama, mimi nina moyo. Niachie hicho chuma, nitajua cha kufanya nacho. Nakupa pikipiki ile pale, ina nguvu, mumeo atafanyia boda. Unaweka sahihi kwamba huna malalamiko, na afande naye ataangalia ubinadamu. Yameisha."

Asteria aliitazama pikipiki. Haikuwa mbaya. Alimwaza Hezroni, aliyempigia simu mara kadhaa na yeye hakupokea. Aliwaza zizi lililobaki tupu, na kwamba kwa pikipiki wangeweza kuanza upya, angalau kuanza. Mkono wake ulikuwa karibu kusema ndiyo kabla ya mdomo.

"Utalifanyia nini hili langu?" aliuliza.

"Hilo si lako tena kuliwaza."

Mtoto kwenye gari jeupe alikuwa anabonyeza kitufe, kioo kikipanda na kushuka. Asteria aliwaacha wanaume wawili wamesimama, akamwendea yule mke.

"Dada, unaitwa nani?"

"Salama."

"Salama, mimi nimenunua hapa gari kama hili. Leo asubuhi limetutupa mtaroni. Kabla hamjalipa, sema giaboksi ifunguliwe mbele yako. Oili imwagwe muione."

Mume alicheka kidogo, akaangalia mikono ya Asteria kwa kinyaa. "Mama, magari hayafanani. Kila mtu na bahati yake."

"Giaboksi haifunguliwi kwa ajili ya mteja," Yunus alisema. Tabasamu lilikuwa limeondoka. "Na wewe, pikipiki usahau. Afande, fanya kazi yako."

Salama aliligeukia gari. Alifungua mlango, akamtoa mtoto, akambeba kiunoni. Mumewe alimwambia apande, wanachelewa. Alibaki amesimama.

Askari alimshika Asteria begani akamrudisha gereji, na watu wa jirani wakawafuata kuona. Gari lilikuwa bado juu ya mawe, matumbo yake yako kwenye gunia. Askari aliamuru lishushwe chini na lifungwe kamba. Gari la kuvuta lilikuwa limeshafika. Mbaraka na wasaidizi wake walifanya hivyo bila kumtazama Asteria.

"Panda ushike usukani," askari alimwambia. "Linavutwa kituoni, na wewe unaenda nalo."

"Kituoni nitakwenda kwa miguu, afande. Humo sipandi."

"Nani atalishika sasa? Panda."

Asteria alimwekea ufunguo kiganjani, na grisi ikabaki kwenye vidole vya askari.

"Uliandika ni zima," alisema. "Panda wewe."

Watu wote walimtazama askari. Dereva wa gari la kuvuta alipiga honi, akapiga tena. Askari aliinama akachungulia ndani, akaona usukani, kiti kilichochanika, na damu kidogo ya bibi Fortunata kwenye mlango. Akasimama pale na ufunguo mkononi.