Mgomvi wa Mume Wangu

Mume wangu Gichuki alikaa wiki tano bila kusema neno ila "asante, sista." Sista ni mimi. Miaka arobaini na minne ya ndoa, watoto wawili, na sasa ananiona nesi. Nimlishe uji, asante sista. Nimvalishe soksi, asante sista. Siku ya kwanza nilicheka. Siku ya pili nikaingia bafuni, nikafungulia maji ili asinisikie nikilia.

Daktari alishatuambia kwamba ugonjwa huu wa kusahau haurudi nyuma, lakini maneno yakitumika hukawia kuondoka. Asipozungumza, mama, yatakwisha upesi. Basi nikazungumza mimi. Nikamsomea Zaburi, nikamsomea gazeti, nikampigia mwanetu Roy kule Cape Town amsalimie baba yake kwa Kikuyu. Wapi! Mzee anaangalia dirisha tu.

Asubuhi moja nikaamua angalau nitupe makaratasi yake. Maboksi manne ya karatasi za printa ya zamani, zile ndefu zenye vitobo pembeni, yamejaza gereji yangu tangu miaka ya tisini. Nitasema ukweli, niliyachukia. Tulipohamia Johannesburg mwaka 1995, yeye akifundisha hesabu chuoni, Gichuki alinunua kompyuta kabla hatujanunua friji. Friji! Maziwa ya watoto yanaganda, yeye anafuta vumbi kwenye kibodi. Kila jioni aliunganisha hiyo kompyuta na waya wa simu, modemu ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, na simu ya nyumba ikawa yake hadi atakapochoka.

Huko upande wa pili, mtaa wa Yeoville, kulikuwa na bwana mmoja aliyeiacha kompyuta yake wazi ili wapenzi wenzake wa mashine hizo waipigie. Unapiga, unasoma walichoandika wengine, unaacha chako, unakata ili mwingine apate laini. Huyu printa yake inatoa kurasa tupu, yule disketi imekwama, nani anisaidie? Waliotoka kwetu, Wakenya, Watanzania, Wakongo, walikuwa na kona yao ya Kiswahili humo ndani. Walisaidiana, walibishana, na hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Mbishi mkubwa kuliko wote alijiita Marcellin wa Lubumbashi. Gichuki alikuwa akimjibu huku chakula kinapoa, kisha anachapisha ugomvi wote na kuuhifadhi kama hati ya shamba.

Basi nikashika fungu la juu, nikasoma kwa sauti, kwa kejeli tu. "'Bwana Gichuki, mtu mwenye akili anashika kipanya, anabonyeza, kazi imekwisha. Wewe endelea kuandika amri ndefu kwenye kibodi kama karani wa mkoloni.'"

"Mjinga huyo," akasema Gichuki.

Nikageuka. "Unasemaje?"

"Mjinga. Kipanya ni cha wavivu."

Haki ya Mungu, nilipiga vigelegele hadi jirani akachungulia ukutani. Tangu siku hiyo nikawa msomaji wa Marcellin. Kila asubuhi baada ya uji nasoma ukurasa mmoja, na mzee anamjibu, sentensi mbili, tatu, siku nyingine tano. Niliyemlaani miaka thelathini, sasa namwombea heri.

Lakini baada ya wiki mbili Gichuki akaanza kungoja. "Amejibu?" ananiuliza. Namwambia bado. "Mbona hajibu? Nimemkasirisha?" Nikisoma karatasi nyingine anatikisa kichwa, hiyo ni ya zamani, anataka jibu la leo. Akaacha kumaliza uji. Maneno yakaanza kupungua tena, hadi likabaki hilo moja, amejibu? Niliogopa. Nikajua nisipomleta Marcellin mwenyewe, nitarudi kwenye asante sista, na safari hii moja kwa moja.

Utamtafutaje mtu kwa jina moja katika mji huu? Nilimwuliza Brigitte, Mkongo anayenisuka nywele pale mjini karibu na renki, kituo cha teksi. Hakuinua hata macho kichwani kwangu. "Papa Marcellin? Si iko ku Rosettenville, anatengenezaka televizyo. Kila mutu anamujua." Eish! Miaka yote hiyo, mtu yuko dakika ishirini kutoka kwangu.

Nikampigia simu. Nilipotaja jina la Gichuki akauliza, "Yule wa kibodi?" Nikamweleza ugonjwa wote, na hapo ndipo nilipokosea.

Alifika Jumamosi, amechelewa kwa sababu robot, taa za barabarani, zote njiani zilikuwa zimezimika. Mzee mwembamba, suti ya kanisani, kofia mkononi. Mgeni njoo mwenyeji apone, nikasema moyoni, nikamkalisha mbele ya mume wangu. Akamshika mikono yote miwili.

"Papa Gichuki, ni miye Marcellin. Nimekuja kukuambia, ulikuwa na raison, ulisema kweli. Kipanya haina maana. Kibodi ndiyo kompyuta yenyewe."

Gichuki akamtazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu. "Ndiyo," Marcellin akaendelea kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa, "yote uliyoandika ni kweli, Papa. Ulinishinda."

Mzee akaitoa mikono yake taratibu. "Huyu siye," akasema, akageukia dirisha.

Nilimvuta Marcellin hadi jikoni, nikafunga mlango. "Kwani nilikuita uje kumsifu? Wa kumsifu ninao, kanisa zima! Nimekuita umgombeze. Sasa umenikatia kamba niliyokuwa nimeishikilia!"

"Maman, mugonjwa nitamugombezaje?" Machozi yalimlengalenga. "Acha nikuambie ukweli. Wakati ule nilikuwa mulinzi ku duka moja huku town. Chumbani peke yangu, hakuna bibi, hakuna mutoto. Patron, mwenye duka, aliniachia kompyuta yake. Nikaomba musaada, disketi imekwama. Papa Gichuki akanijibu vizuri sana. Nikasema merci. Akanyamaza! Siku tatu, hakuna neno. Ndipo nikaandika kwamba kibodi ni ya makarani." Akajipangusa kwa kofia. "Maman, alinijibu mistari arobaini. Ile kompyuta ya patron haikuwa hata na kipanya."

Nilikaa kwenye kiti cha jikoni. Hasira ilinitoka yote. Kumbe wote wawili tumekuwa tukitafuta kitu kilekile kwa yule mzee, atujibu.

"Basi unajua namna yake," nikamwambia. "Dawa ya moto ni moto, Papa Marcellin. Nenda ukamchokoze."

Akavuta pumzi, akavaa kofia, akarudi sebuleni na kusimama katikati.

"Bwana Gichuki! Hata leo wewe ni karani tu?"

Shingo ikageuka. "Marcellin," akasema mume wangu.

Nitasema kilichonipata, ni wivu. Jina la mgomvi analijua! Lakini wivu wenyewe haukupata nafasi, maana walishaanza. Wavivu! Washamba! Mkono ukitoka kwenye kibodi kwenda kwenye kipanya na kurudi, umepoteza nusu siku! Gichuki alikuwa amekaa wima, kidole juu, anazungumza kama aliye mbele ya darasa. Maneno mengine yalimponyoka, akayaruka, akaendelea.

"Na nani alikudanganya kwamba kibodi ina mbio?" Marcellin akamtia ukuni.

"Hakuna aliyenidanganya. Niliona kwa macho. Mke wangu Bosibori alikuwa taipisti kwa wakili mmoja Nairobi. Nikampelekea barua aipige chapa. Macho yake yananitazama mimi, vidole vinakwenda, hakosei herufi moja. Kesho yake nikarudi na barua nyingine. Kesho kutwa nyingine. Barua zenyewe sikuwa na wa kumpelekea." Akaangusha kiganja kwenye goti. "Wewe na kipanya chako utajua nini?"

Miaka yote hiyo nikidhani ile kibodi imeninyang'anya mume. Nililia mbele ya mgeni, na sikujali.

"Na sasa yuko wapi huyo Bosibori?" nikauliza. Marcellin alinitikisia kichwa nisiulize, lakini nilishauliza.

Gichuki alinitazama kwa adabu. "Yuko kazini, sista. Hakawii. Mngojeeni, atamweleza huyu mbishi mwenyewe."

"Haya," nikasema. Nikaenda kuchemsha chai, nikarudi na sinia, nikamimina vikombe vitatu.

"Vinne," akasema mume wangu. "Mwekee na yeye."

Nikamimina cha nne, nikakifunika na kisahani kisipoe.