Mbio za Kigari Kitupu

Ile video ilifika Albert Park, mtaa wao wa Durban, kabla Immaculée hajamaliza kupanda kilima. Aliyeipiga ni Josias, yule mlinzi wa magari wa Florida Road mwenye kizibao cha kung'aa na ulimi usio na breki. Sekunde kumi na nane tu: Immaculée mbio, mikono kwenye kigari cha mtoto chenye magurudumu matatu, kamba kiunoni, na mbele ya kamba lijibwa jekundu. Ndani ya kigari, Peguy wake wa miezi saba kalala fofofo kama mtoto wa waziri. Kwenye kikundi cha WhatsApp wamama wa kanisa waliicheza mpaka simu zikapata moto.

Mbwa mwenyewe si wake. Ni Rusty wa Mama Pillay, mwalimu mstaafu wa Morningside mwenye nyonga mbovu, aliyempa Immaculée kazi ya kumkimbiza mbwa kila asubuhi, na kigari cha mjukuu wake cha kumbebea Peguy. Kazi ya kwenda na mtoto wako, Durban hii, utaipata wapi?

Jioni akamkuta wifi yake, Libérate, kwenye kochi, simu mkononi. Libérate alikuwa na mwezi mmoja tangu atoke Uvira, Kongo, kuja kumwona mtoto wa kaka yake, na katika mwezi huo hakuwa amesifu kitu, hata chumvi.

"Madame," alisema, "sisi wote tulikimbia vita. Wewe unakimbia nini?"

"Ni kazi, dada."

"Kazi ya kukimbia na mbwa. Na mutoto wetu ndani ya brouette, toroli ya fundi, kama mufuko ya simenti. Mugongo yako iko na ugonjwa?"

"Mugongo yangu iko muzima. Na mutoto ni wangu."

"Ni wetu. Uliza bwana yako ngombe za mahari zilitoka kwa nani."

Bwana mwenyewe, Gustave, alikuwa mezani anakula fufu. Huyu ni mtu wa kubishana na mteja nusu siku kwa ajili ya kava la simu, lakini mbele ya dada yake anageuka bubu.

"Kesho minarudia Uvira," Libérate akaendelea. "Basi ya Johannesburg inatoka saa nne asubuhi. Mutoto anaenda na mimi kwa nyanya yake. Gustave amekubali."

Immaculée alimtazama mumewe. Gustave akachovya tonge kwenye mchuzi.

"Tutaongea kesho," alisema bila kuinua kichwa.

"Na tena nikuambie," Libérate akasema, sauti imeshuka. "Wakati ya vita niliona mbwa wakikula watu. Watu wenye mimi najua majina yao. Halafu wewe unaleta mutoto karibu na mudomo yake."

Immaculée akamchukua Peguy, akaingia naye chumbani.

Asubuhi alipoona begi la safari limefungwa nyuma ya mlango, hakuthubutu kumwacha mtoto nyumbani. Akambeba mpaka Morningside, akamlaza kwenye kigari, akamfunga Rusty kamba, wakashika Florida Road.

Karibu na maduka Rusty akajisaidia kwenye majani. Mama Pillay ana sheria yake: uchafu wa mbwa unaokotwa kwa mfuko wa plastiki. Immaculée akakanyaga breki ya kigari, akasogea hatua nne na mbwa, akainama. Akaupeleka mfuko kwenye pipa la kona; aliporudi, kigari kilikuwa kitupu. Barabarani Josias amesimamisha taxi, zile daladala za huku, kwa mikono miwili, na Libérate, Peguy mgongoni na kitenge kimekazwa, mguu mmoja uko ndani.

"Kamata mbwa yako, madame. Mutoto iko na watu yake."

Mlango ukafungwa.

"Mimi sikufanya kitu," Josias akaanza. "Alinipigia kuuliza unapita wapi, nikamwelekeza. Taxi nilisimamisha tu."

"Josias, siku utafiwa, nitakuja kwenye matanga kula tu. Sitalia."

Akampigia Gustave. Simu ikaita mpaka ikachoka. Basi akapiga hesabu yake. Libérate anajua sehemu mbili tu za mji huu, kanisani na nyumbani, na begi liko nyumbani. Taxi itasimama kwenye kila robot, yaani taa za barabarani, itamshusha katikati ya mji, na kutoka pale atatembea akiuliza njia kwa Kiswahili cha Uvira. Immaculée ana miguu yenye miezi minne ya mbio za kila asubuhi.

Akakimbia. Kigari kinaruka mbele yake kwa kukosa uzito, Rusty anavuta, watu wanapisha njia. Kwenye robot moja mwosha vioo akamwuliza, "Eish mama, mtoto umemwacha wapi?" Akaongeza mwendo, maana jibu lingemkalisha chini pale pale. Saa ya kunyonyesha ilikuwa imefika na shati lake limelowa upande mmoja.

Mlangoni kwa jengo lao alikuwepo Blandina, Mtanzania anayeuza maandazi. Akavuta beseni lake mbali na mbwa, lakini yeye mwenyewe hakuhama. Angehamaje na kioja kinakuja?

Dakika kumi baadaye Libérate akatokea kwenye kona, jasho linamtiririka, Peguy analia mgongoni. Alipomwona mbwa akaganda.

"Toa hiyo nyama hapo, hiyo mbwa."

"Leta mutoto, nitaitoa."

"Gustave amekubali."

"Gustave haiko hapa. Iko mimi na Rusty."

Libérate akaegemea ukuta. "Unajua kile niliona," alisema, na safari hii hakuwa anagomba.

Immaculée alijua. Alijua pia kwamba Rusty angemlamba hata mwizi, na ulimi ule uliotoka nje ulikuwa unatafuta maji tu. Akalegeza kamba, Rusty akasogea hatua moja.

Vidole vya Libérate vilihangaika na fundo la kitenge mpaka likafunguka. Hakumpa mtoto mama yake. Alimpa Blandina, na Blandina ndiye aliyevuka naye mpaka mlangoni.

"Kwetu wewe haiko mutu tena," Libérate akasema.

"Sawa, dada."

Immaculée akakaa kwenye ngazi, katikati ya mlango, akampa Peguy ziwa. Rusty akajilaza miguuni pake. Juu, begi lilikuwa linasubiri. Chini, mwenye begi alisimama ukutani akitazama kila mara kwenye simu yake saa ya basi inavyokaribia. Peguy siku hiyo alinyonya polepole, na mama yake hakumharakisha.