Nyanya za Ndoo Kumi na Mbili

Nesi aliuliza akiwa ameinamia daftari lake: "Kazi yake?" Hakuniuliza mimi. Alimwuliza mwanangu Yahya, kana kwamba mimi ni gunia lililoletwa na bodaboda. Na Yahya, mtoto niliyemlea kwa jembe, akajibu, "Hana kazi. Amepumzika."

Nimepumzika! Miaka arobaini na nane nimelima Rutamba, mihogo, mbaazi, ufuta, nyanya za bondeni, halafu goti moja linavimba na mtu ananipumzisha mbele ya watu kwa neno moja. Nilitaka kusema kitu, lakini nesi alikuwa ananifunga kile kitambaa cha kupimia presha, nikanyamaza ili isipande. Ilipanda hata hivyo.

Daktari alisema nisiiname, nisichuchumae, na habari ya jembe niisahau. Yahya akamwachia jembe langu kaka yangu Hussen huko Rutamba, akanileta kwake Mtanda, mjini, kwenye nyumba yenye ua wa kutosha kamba ya nguo na banda la kuku. Sisemi walinitesa. Nililishwa, nikapashiwa maji ya kuoga, nikaheshimiwa mpaka nikachoka. Asubuhi mpaka alasiri nimekaa kwenye kiti cha plastiki nachambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

Mke wa Yahya, Mwanaheri, ni mtoto wa mjini. Mama yake alikuwa anauza samaki, jembe alikuwa akiliona kwa jirani. Siku moja alirudi na kipakiti cha mbegu kutoka duka la pembejeo.

"Mama, hizi ni nyanya fupi. Hazipiti goti. Mtu anaziotesha hata kwenye ndoo."

"Nyanya isiyofika kiunoni ina ugonjwa," nilimjibu. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshakipokea kile kipakiti.

Yahya ni fundi rangi, ndoo tupu zimejaa kila kona. Tukachukua kumi na mbili, tukazitoboa chini kwa msumari wa moto, tukajaza udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi. Mwanaheri akazipanga juu ya matofali mpaka zikawa usawa wa kiti changu. Sikuhitaji kuinama wala kuchuchumaa. Miche ilipohamishwa kutoka kwenye beseni la kuoteshea ikashika vizuri, shina nene, majani mazito ya kijani iliyokolea. Fupi kweli. Jirani yetu Consolata, mwanamke asiyeweza kupita bila kutia neno, alichungulia juu ya ua.

"Shikamoo bibi. Mbona nyanya zako zimevia? Tuziletee uji?"

"Marahaba. Nenda kapike."

Basi nikaanza kazi. Kila asubuhi nilikaa mbele ya ndoo, na vidole vyangu vikafanya vilichokizoea: kila chipukizi lililoota kwapani mwa jani, nililing'oa. Rutamba nyanya ndefu hutunzwa hivyo, inapanda kwenye mti wake na kuzaa mpaka juu. Mwanaheri akasema taratibu, "Mama, kipakiti kinasema tusikate matawi."

"Kipakiti kimelima wapi?"

Akakikunja kipakiti kwa adabu ya mkwe aliyefunzwa, adabu inayouma kuliko majibu. Nikaendelea kung'oa, kuku wakala matawi.

Kumbe nyanya fupi ikifika kimo chake inasimama. Haina safari ya juu. Matunda yake mengi yangekuwa kwenye matawi yale yale niliyowatupia kuku. Ndoo kumi na mbili zikazaa nyanya kumi na tisa. Yahya aliziangalia kwenye sahani, akanishika bega kwa upole. "Mama, si nilisema upumzike?"

Afadhali angenitukana. Alipoondoka nililia, peke yangu, mbele ya kuku walioshiba kazi yangu. Niliona kwamba nesi ameandika sawa.

Baada ya sala ya alasiri nikamwita Mwanaheri. "Lete kile kipakiti. Nisomee."

Akanisomea kuanzia mwanzo. Ule mstari wa matawi nilimwambia aurudie mara mbili. Kisha nikasema, "Nimekosea." Miaka saba ni mke wa mwanangu, hajawahi kunisikia nikilitamka neno hilo. Hakucheka. Aliinamisha macho kwenye kipakiti, akaendelea kusoma sehemu ya kumwagilia. Siku hiyo nilimpenda kama niliyemzaa.

Mbegu zilikuwa zimebaki. Tukaotesha tena. Kazi ngumu safari hii ilikuwa kutofanya kazi. Chipukizi linatokeza, mkono unawasha. Nikapata dawa yake: kila nikikaa mbele ya ndoo nilishika tasbihi, vidole vikapata shughuli nyingine. Sijawahi kumtaja Mungu mara nyingi namna ile. Kanitangaze, wale viwavi wadogo wanaochora njia ndani ya jani, walipoingia, hapo vidole vikaruhusiwa. Nilichuma jani moja moja lenye mchoro wao, nikachoma moto, wakaisha.

Matawi yakafunga ndoo. Vitumba vikaja, kisha maua, kisha vichala vizito hata tukaviegemeza kwa vijiti. Mwezi wa kumi na moja, jua likiwa kali na sokoni zimebaki nyanya laini zilizosafiri mpaka zikachoka, zangu zikaiva. Nyekundu, ngumu, ndoo baada ya ndoo. Siku ya kwanza tulijaza beseni kubwa, na vichala vingine bado vinasubiri. Nikaita kwa sauti, "Yahya! Njoo ubebe, mimi nimepumzika!"

Consolata akaja na bakuli. Safari hii alipitia mlangoni.

"Shikamoo bibi. Umeamkaje bibi? Na goti?"

"Marahaba. Hizi zimevia, mwanangu. Utaziweza?"

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Nikamjazia bakuli. Kesho yake akarudi kutaka kufundishwa, na mwenzake nyuma yake. Hazikupita wiki mbili, Yahya akawa anatoboa ndoo za mtaa mzima, analalamika hana tena ya kuchanganyia rangi.

Siku ya kliniki nilikwenda na kikapu. Nesi alikuwa yule yule, daftari jipya. Akaniangalia mguu, akaangalia fimbo, akamgeukia Yahya.

"Kazi yake?"

Yahya akafungua mdomo. Sikumsaidia, nilimtazama tu. Akaviangalia vidole vyake, vina alama za msumari wa moto, akasema, "Mkulima."

Nesi akainua kichwa. "Na goti hili? Analima wapi?"

"Uwani kwangu," Yahya akasema, na kifua kimemjaa. "Anakaa kwenye kiti na analima. Mtaa mzima anaufundisha yeye."

Nikaweka kikapu mezani, nikafunua kitambaa. "Andika kwanza," nikamwambia. "Ukimaliza, chagua unazozitaka."

Sisomi vizuri, lakini niliifuata ile kalamu mpaka herufi ya mwisho. Kisha akanifunga kitambaa chake na kunipima. Presha ilikuwa imepanda kidogo, akaniuliza leo nani ameniudhi.

"Hakuna," nikamwambia. "Hii ni furaha, mwanangu. Iandike nayo."