Uzito wa Mama Masalu

Kila Ijumaa saa mbili asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, wanachuo wa Chuo cha Wananchi Mwabuyeye walijipanga mbele ya ghala ili wapimwe uzito. Mizani ilikuwa ile ya kununulia pamba, iliyoachwa ikining'inia kwenye boriti tangu enzi ghala lilipokuwa la ushirika. Mtu alikaa kwenye bembea ya kamba, akainua miguu, mshale ukasogea, Mwalimu Serafina akaandika kwenye daftari. Kisha aliongeza kilo tatu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu. Mizani ya pamba huiba, na hii ilikuwa imewaibia babu zao. Kumpima mtu bila kumrudishia zile tatu kungekuwa kumpunja mara ya pili.

Ijumaa moja ya mwezi wa tano, Limi, mama Masalu, alifikisha kilo themanini na nane. Alipoingia chuoni Januari alikuwa na hamsini na sita. Mwili ulikuwa uleule mkavu wa mwanamke aliyeponda mawe ya dhahabu Nyarugusu miaka kumi na moja, na gauni bado lilimpwaya. Kilichoongezeka ni ujuzi. Chuoni hapo ujuzi ulikuwa na uzito: jambo likimwingia mtu, mizani ilisema, na asiyejifunza alibaki vilevile hata angemaliza ugali wa sufuria nzima. Mwalimu Serafina, aliyefundisha kusuka mota, yaani kuzungushia waya mpya mota iliyoungua, aliligundua hilo mwaka wake wa pili pale, akashukuru, maana chuo hakikuwa na kifaa kingine cha kumpimia mwanafunzi.

Vifaa vya kufundishia vilikuwa ubao na mota moja ya pampu, iliyoungua. Mashine ya kusukia koili ilikuwa imeombwa kwa barua saba. Wanachuo walikuwa thelathini na mmoja, na kila mmoja aliipata ile mota dakika kumi kwa wiki. Muda mwingine wote walisuka uzi wa katani kwenye magunzi ya mahindi, wakihesabu mizunguko kwa sauti kama watoto wa chekechea, na kabla ya kutawanyika waliandika kwenye daftari la tafakari: leo nimejifunza nini, nimekosea wapi, kesho nitafanyaje. Limi, ambaye Kiswahili cha kuandika kilimtoa jasho, alikuwa mtu wa sentensi fupi. "Leo nimezidisha mizunguko miwili. Nimefumua. Mikono imenikasirikia." Wiki hiyo alipanda kilo nne.

Uzito ulikuwa na usumbufu wake. Bodaboda walimkataa. Kitanda kilivunjika, akahamia kwenye mkeka, na mwanawe Masalu akazoea kujua kwamba mama amefika uani kwa kusikia vikombe vikigongana kabatini. Limi hakulalamika. Nesi wa zahanati alikuwa amemwambia bila kuficha: kifua chake kimejaa vumbi la mawe, na akirudi kuponda hatamwona Masalu akimaliza darasa la saba. Mgodi mkubwa upande wa Segese ulikuwa umetangaza nafasi moja ya msaidizi wa fundi mota, kwa mwenyeji, mwenye cheti. Limi aliitaka nafasi hiyo kwa roho yake yote, na hakuona haya kusema.

Novemba akaja mtathmini wa vyeti, Bwana Gregory, shati limepigwa pasi, fomu mkononi ina kurasa tisa. Siku hiyo Limi alikuwa na kilo mia na tisini; mshale ulimaliza uso wote wa mizani ukaanza kuuzunguka upya. Aliifumua mota, akaisuka, akaifunga. Mabula, mtunza ghala, akaiunganisha na jenereta, na pampu ikavuta maji kisimani kwa nguvu hata yakamrukia mgeni kifuani.

Bwana Gregory alijipangusa, akageukia fomu yake.

"Mwanachuo ametumia mashine ya kusukia koili?"

"Hatuna, bwana," alisema Mwalimu Serafina. "Amesuka kwa mkono."

"Hapana," mgeni aliandika. "Ameijaribu mota kwenye meza ya majaribio?"

"Ameijaribu kisimani," alisema Mabula. "Na wewe umeoga."

"Hapana."

Iliendelea hivyo mpaka ukurasa wa tisa, ambako aliandika HAJAFIKIA, kwa mwandiko mzuri sana.

"Lakini si inazunguka?" Limi aliuliza.

"Inazunguka, mama, naiona. Ila sikutumwa kupima mota. Nimetumwa kujaza fomu."

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchoma Limi zaidi. Mtu mbaya unamtukana, roho ikatulia.

Mwalimu Serafina alimwomba mgeni naye apande mizani, kama ilivyo desturi ya chuo. Alipanda kwa adabu, akainua miguu. Mshale ulisimama kwenye mbili, yaani viatu, mkanda na simu; mwenyewe hakusomeka. Mwalimu akaongeza tatu, akaandika tano.

"Naona nimepungua," alisema Bwana Gregory. Akashukuru kwa ukarimu, akaenda zake.

"Asiyekujua hakuthamini, mayu," Mabula alimpoza Limi, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Huyu ananijua. Ameniona na macho yake, maji yakimchuruzika. Ndiyo maana siwezi kunyamaza."

Jumatatu alitembea hadi lango la mgodi na karatasi yake ya matokeo. Afisa ajira alikuwa kijana aitwaye Marcel.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimekuja kwa ile nafasi."

Marcel aliisoma karatasi, akairudisha kwa mikono miwili. "Imeandikwa hujafikia."

"Nipe mota."

"Bila cheti siwezi kukupa hata bisibisi. Halafu nafasi imeshapata mtu. Kijana wa kutoka mbali, cheti chake kina mihuri miwili."

"Na mimi mwenyeji?"

"Wewe ni mwenyeji, mama. Hilo hakuna anayelikataa."

"Basi nitakaa," alisema Limi, na akakaa chini, katikati ya barabara ya kuingilia lango.

Walinzi wanne walishindwa kumnyanyua. Lori lenye winchi lilijaribu, likanyanyuka lenyewe magurudumu ya mbele. Jioni Limi alisimama, akakung'uta kanga, akaenda kumpikia mwanawe. Walinzi wakamwaga kokoto pale alipokaa. Asubuhi alirudi akakaa juu ya kokoto, nazo zikazama. Marcel aliandika kwenye taarifa ya wiki: "Kuna mama barabarani, hanyanyuki." Alhamisi likaletwa greda, likachonga barabara ikampita pembeni, na madereva wa malori wakazoea kumpigia honi ya salamu.

Baadaye wakaja wanawake wa Nyarugusu, wa kwanza Martina, aliyeponda naye mawe. Limi aliwafundisha kusuka palepale chini, kwa magunzi na uzi aliokuwa nao. Walipoanza kuelewa nao wakawa wazito, na greda likarudi kuipinda barabara zaidi.

Mvua zilipokolea, Marcel alitoka langoni akisukuma toroli. Juu yake ilikuwepo mota ya pampu, imeungua.

"Mama Masalu, tusaidie. Maji yanapanda kule chini."

"Fundi wenu yuko wapi?"

"Yupo ndani. Anasoma mwongozo."

Limi aliinusa mota tu akajua ni koili ya tatu, na kwamba aliyeisuka alikuwa na haraka. Mikono ilimwasha. Aliikalia mikono hiyo.

"Nitaisuka," alisema. "Huko ndani, nikiwa nimeajiriwa, kwa jina langu."

"Hilo haliwezekani, mama. Fomu."

"Hamna mtu huko anayeweza kusema kuwa fomu imekosea?"

Marcel alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Hamna."

Iliuma. Limi alijua bei ya neno lililokuwa likimjia. Alikifikiria kifua chake, akamfikiria Masalu na darasa la saba. Akalisema hivyo hivyo.

"Basi irudishe, mwanangu. Mimi sijafikia."

Marcel aligeuza toroli. Martina alijisogeza karibu na Limi, ardhi ikashuka kidogo chini yao, na somo likaendelea. Kijana wa mihuri miwili alifukuzwa Januari. Nafasi ikatangazwa tena kwa masharti yaleyale, na tangazo likabandikwa kwenye nguzo iliyo mbele ya wanawake wale. Limi alilisoma lote, neno kwa neno, na hakunyanyuka.