Mume Wangu Hayupo, Amekaa Sebuleni

Mume wangu aliacha kuwepo Jumatano, saa nne asubuhi, akiwa amevaa shati nililolipiga pasi mwenyewe. Alikuwa amekwenda semina ya walimu wastaafu, katika ukumbi wa shule alikofundisha hisabati miaka thelathini na mmoja. Nilidhani wataelezwa habari za shinikizo la damu. Kumbe aliletwa mtaalamu mmoja wa mambo ya nafsi, mwenye sauti ya polepole, akawaambia wazee wa watu kwamba hakuna kitu kinachoitwa "mimi". Kuna mawazo tu yanayopita, na mazoea, na kumbukumbu zinazojidanganya kuwa zina mwenyewe. Walipomaliza wakapewa chai na cheti. Cheti cha kuthibitisha kwamba mhusika ameelewa kuwa hayupo, chenye jina lake kamili, saini na muhuri. Alikitundika ukutani, akapima kwa rula kisikae upande.

Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu iko hapo hapo sebuleni, chini ya dirisha, kwa hiyo falsafa yoyote inayoingia nyumba hii lazima ipite mbele yangu. Mwanzoni sikumkasirikia. Niliona afadhali hivyo kuliko wenzake waliostaafu wakaanza kutafuta wake wengine. Mtu asiyekuwepo hamsumbui mtu, nilijiambia.

Lakini asiyekuwepo alikula. Alikula sahani mbili, akauliza kama chumvi imekwisha. Nilipomwomba abadilishe mtungi wa gesi, alifumba macho akasema, "Mama, hasa unamwomba nani?"

"Yule aliyemaliza maharage," nikamjibu.

Kesho yake ndipo nilipoelewa faida ya semina ile. Binti yetu alipiga simu. Ni mmoja tu, hatuna mwingine. Miaka minne iliyopita aliacha chuo cha ualimu akiwa muhula wa mwisho, akaenda kujifunza kutengeneza injini za magari. Baba yake alilitoa sanduku lake nje, majirani wakitazama, akasema, "Katika nyumba hii sina mtoto." Tangu hapo mimi nilimwona binti yangu kwa kuiba, nikipita gereji kwake kila nilipoaga kwamba nakwenda kununua uzi. Nilinunua uzi mwingi sana miaka ile. Sasa alikuwa na mtoto wa miezi mitano, na alisema atakuja Jumapili.

"Nataka kuongea na Baba," alisema. "Nataka tuyamalize."

Nilimweleza Mwalimu. "Mwanao anakuja Jumapili. Utamwomba radhi."

"Radhi ya nini?"

"Si ulimfukuza?"

Akashusha miwani hadi ncha ya pua. "Aliyemfukuza hayupo, Mama. Yule alikuwa mkusanyiko wa hasira na mazoea, umekwisha kupita. Sasa mimi nitaombaje radhi kwa kosa la mtu ambaye hayupo?"

Loo! Miaka minne nimemsubiri mwanamume huyu apate neno moja, naye akaenda kutafuta elimu nzima ya kulikwepa.

Nikamtolea daftari langu la vipimo. Kila mteja ana ukurasa wake humo, na ukurasa wa kwanza ni wa mume wangu. "Kiuno ishirini na nane, mwaka tuliooana," nikamsomea. "Thelathini na mbili. Thelathini na sita. Sasa arobaini, na usivute tumbo ndani. Suruali zote hizi nilimshonea nani?"

Akalipokea, akafurahi kweli kweli. "Umenithibitishia mwenyewe! Kiuno si kile, bega si lile. Hakuna kipimo kinacholingana na mwenzake. Nionyeshe kwenye ukurasa huu mimi niko wapi."

Nakiri alinipata. Niliziangalia namba zile nikaogopa. Na mimi je? Wateja huniita fundi, majirani huniita mke wa mwalimu, yeye huniita Mama. Jina nililopewa na wazazi wangu lina miaka halijatamkwa humu ndani. Daftari lina kurasa mia mbili na sikuwahi kujipima hata siku moja. Kama kuna mtu alistahili kile cheti, ni mimi. Ila mimi sikuwa na nafasi ya kutokuwepo, nilikuwa na gauni la bibi harusi la kumaliza kabla ya Jumamosi.

Ijumaa nikaacha kumpakulia. Sahani moja tu mezani.

"Na yangu?" akauliza.

"Ya nani?"

Alicheka kidogo, kisha akaenda jikoni kujipakulia. Kutokuwepo nako kuna mipaka yake, hasa saa saba mchana.

Jumapili alasiri binti akaja, mtoto mgongoni kwenye mbeleko, weusi wa grisi bado uko pembeni mwa kucha. Mwalimu alikuwa amenyoa ndevu na kubadilisha kiti mara tatu. Kwa mtu ambaye hayupo, alikuwa na jasho jingi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba," akajibu upesi. Hiyo aliipokea bila kuuliza ni ya nani.

Binti akaketi, akampakata mwanawe. "Baba, siku ile uliponifukuza..."

Mwalimu akainua mkono kama yuko darasani. Nilijua kinachokuja, na mkasi ulikuwa karibu yangu, Mungu ndiye aliyenizuia. Akamweleza yote: mawazo yanayopita, mazoea, kumbukumbu zisizo na mwenyewe. "Kwa hiyo, mwanangu, aliyekufukuza hayupo tena. Usimbebe moyoni. Huyu unayemwona ni mwingine." Akamaliza, akaegemea kiti, akashusha pumzi.

Nilitegemea binti awake. Ni mtoto wangu, ulimi anao. Lakini alisikiliza mpaka mwisho, akasimama, akamrudisha mtoto mgongoni, akafunga mbeleko fundo la kwanza, akafunga la pili.

"Unakwenda wapi?" baba yake akauliza.

"Nyumbani. Mimi nilimjia yule." Hakupandisha sauti. "Imenichukua miaka minne kumsamehe, Baba. Kuna asubuhi niliamka namchukia upya, nikaanza tena mwanzo. Nilipojifungua ndipo nikaweza. Leo nimekuja kumwambia, na nimemletea mjukuu wake amwone. Wewe kama ni mwingine, sina neno na wewe. Akirudi, mwambie nilipita."

Akampa mkono kwa adabu, vile mtu anavyomuaga mgeni, akaenda mlangoni kuvaa viatu.

Nilimtazama mume wangu. Miaka thelathini na tatu sikuwahi kumwona akitafuta neno asilipate. Nilimhurumia, na sikuwa nimepanga kumhurumia.

"Yupo," alisema, kwa sauti ndogo hivi kwamba binti hakusikia. Akainuka akishika meza. "Mwanangu, usiende. Yupo. Ni mimi. Nilikufukuza mimi, na nilijua nakosea hata kabla sijafika nje na lile sanduku."

Binti alisimama na kiatu kimoja mkononi. Hakurudi mara moja. Alimkagua toka kichwani hadi miguuni, kama gari aliloambiwa limepona na yeye haamini.

"Sema tena. Nani alinifukuza?"

"Mimi."

"Nani?"

"Mimi, mwanangu. Baba yako."

Ndipo akaifungua mbeleko, akamweka mtoto mikononi mwa babu yake, naye babu akalia mpaka mtoto akaanza kulia pamoja naye. Mimi niliinama chini ya cherehani, nikajitia natafuta sindano.