Haya, Lado

Mke wangu aliniuliza swali moja kubwa, na mimi nikamjibu kwa kumuuliza mtu akipoteza kadi ya basi afanyeje. Mkitaka kunicheka chekeni sasa, maana huko mbele hakuna la kuchekesha.

Naitwa Ladislas. Natengeneza simu Pinetown, nje kidogo ya Durban, Afrika Kusini, katika kibanda kilichogawanywa nusu kwa nusu: upande mmoja mimi na vioo vyangu vilivyopasuka, upande wa pili Hardy, kinyozi kutoka Bukavu, ambaye mdomo wake hufanya kazi kuliko mashine yake. Mimi ni Mrundi. Mke wangu, Godelive, naye ni Mrundi, wa Rumonge. Kwa miaka sita alimtunza mama mmoja mzee kule Morningside, akimwogesha, akimlisha, akimsomea magazeti. Yule mama alipofariki, watoto wake walimwandikia Godelive barua nzuri ya sifa, na barua hiyo ndiyo iliyompatia kazi ya kutunza wazee Malta, kisiwa kilichoko katikati ya Bahari ya Mediterania.

Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Tulikubaliana jikoni, tukiwa tumesimama: miaka miwili, halafu anarudi, tunapanga nyumba ya vyumba viwili, tunajaribu tena kupata mtoto. Alikuwa na miaka thelathini na saba. Tulihesabu tukaona miaka miwili inavumilika, mitatu isingevumilika.

Godelive si mtu wa kuandika. Alipofika alianza kunitumia ujumbe wa sauti, akinieleza vile vitu vidogo ambavyo hakuna anayekuambia mpaka umeshakosea. Mabaki ya chakula yanaingia kwenye mfuko mweupe, na kila mfuko wa takataka una siku yake ya kutolewa nje. Gari la gesi hupita mtaani likipiga honi, na ukichelewa kushuka na mtungi wako limeshaondoka. Kituoni usipompungia dereva wa basi mkono, anakupita umesimama hapohapo. Nilipenda kuvisikia. Nilijiona kama natembea naye.

Sasa Hardy alikuwa na binamu, Huguette, aliyekuwa akitafuta kazi ya hoteli kisiwa hichohicho. Nikamtumia Hardy ule ujumbe wa takataka ampelekee. Kesho yake akanijia na kitana mkononi, akiniita vieux, yaani mzee, kama kawaida yake.

"Vieux, vocal ya madame yako iko muzuri, merci. Lakini kule kwa mwisho, mambo yenu ya nyumba, miye sitaki kusikia. Huguette naye atasema nini? Kata kule, bwana!"

Nikakumbuka kule mwisho Godelive alikuwa ameniambia nini, nikaona aibu mpaka masikioni. Basi nikaanza kukata.

Kukata ni kazi rahisi kwa fundi. Kwenye kompyuta sauti inaonekana, vilima vinapanda na kushuka. Godelive alikuwa na mtindo wake: kwanza alitoa maelezo yote, kwa mpangilio, namna anavyokunja nguo. Halafu alinyamaza akavuta pumzi, akasema, "Haya, Lado," na hapo ndipo yalipoanza ya kwetu sisi wawili. Ile pumzi ilionekana kwenye kioo kama mstari mnyoofu. Nikawa naweka mkasi pale pale. Kipande cha mbele nilikituma kwa watu. Kipande cha nyuma, ambacho mimi na Hardy tulikiita mkia, nilikiacha kwenye kompyuta ili nikisikilize jioni nikitulia.

Mwanzoni nilivisikiliza kweli. Lakini watu waliongezeka. Wengine walikuwa hapa Durban na visa mkononi, wengine Bujumbura, wengine Goma, wengine wameshafika Malta na hawajui hata maji ya kunywa yananunuliwa wapi. Nikafungua kundi kwenye simu. Wakaanza kuniita Consul, yaani balozi mdogo. Mama Ghislaine wa kwaya, ambaye kwa miaka mitatu hakuwahi kuitikia salamu yangu, akanifuata nje ya kanisa kuniuliza mdogo wake abebe koti la aina gani. Niliwahi kubeba magunia kiwandani Jacobs miaka minne nikiitwa "wewe". Kuitwa Consul kulinipendeza, sitawadanganya. Na kisiwa chenyewe sijawahi kukikanyaga.

Kila nilichojua kilitoka kwa Godelive. Alirudi kazini miguu imevimba akakuta maswali yangu saba yanamngoja: daktari anaonwaje, chumba kinatafutwaje, kadi ya simu inasajiliwa kwa karatasi gani. Alikwenda kuuliza, akarudi, akanieleza. Jumapili tulipigiana simu, lakini kila mara kulikuwa na mtu pembeni yangu anayetaka kumuuliza Godelive lake, nami nilimpa simu. Mikia ikarundikana. Nilijiambia nitaisikiliza wiki ijayo.

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana, siku ya Jumanne, alinitumia ujumbe mrefu kuhusu kadi ya basi. Nikauona mstari, nikakata, nikatuma. Halafu nikamjibu kwa furaha: "Asante sana, mama. Na mtu akiipoteza hiyo kadi anafanyaje? Huku wanauliza."

Hakujibu siku nne, jambo ambalo si kawaida yake. Jumamosi akajibu: aliyepoteza kadi aende ofisi fulani na kitambulisho, ataandikiwa nyingine. Ujumbe ule haukuwa na mstari mnyoofu. Uliisha pale maelezo yalipoishia. Uliofuata hivyohivyo, na uliofuata tena. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilimwambia Hardy, "Madame ameshaielewa kazi. Siku hizi anatuma safi, hakuna mkia."

"Sharp," Hardy akasema, yaani safi, akaendelea kunyoa.

Wiki tatu baadaye Huguette alifika Malta, akanipigia mchana nikiwa nafungua simu ya mteja.

"Consul! Niko nimefika! Mama Godelive alinipokea, ananilalisha kwake. Ni mutu muzuri sana."

"Msalimie. Mwambie mwezi wa pili si mbali."

"Mwezi wa pili iko nini?"

"Mkataba unaisha. Anarudi."

"Eish, Consul." Sauti yake ikashuka. "Miye nilitaka kukupa pole. Si alisaini mupya? Miaka tatu. Anasema alikuuliza, na weye haukujibu."

"Hakuniuliza kitu."

"Anasema alikuuliza kwa vocal. Na jana miye nilifanya kosa. Nilimuchezea zile vocal zako, nilizani atafurahi kusikia sauti yake. Akasema cheza zote. Kisha akaniuliza kama ndiyo mwisho yazo. Nikamwambia ndiyo mama, zote zinaishiaka hapo. Akasema, 'Kumbe.' Ni hiyo tu alisema."

Nilimrudishia mteja simu yake ikiwa wazi, skrubu zake kwenye karatasi, nikamwambia aje kesho. Alitukana, na alikuwa na haki. Nikavaa visikilizio vya masikioni. Hardy akazima mashine yake bila kuulizwa.

Mikia ambayo sikuwa nimeisikiliza ilikuwa kumi na tisa.

Katika mmoja alicheka: "Haya, Lado. Leo nimepika maharagwe, nikapakua sahani mbili. Nimekula yangu, nikala na yako." Katika mwingine, ule wa gari la gesi niliousifia sana kwenye kundi, alisema: "Haya, Lado. Nimeanguka na mtungi kwenye ngazi. Mkono haujavunjika. Usinipe ushauri, sema pole tu." Mimi siku ile nilimuuliza mtungi mmoja unachukua wiki ngapi. Nilikumbuka, kwa sababu jibu lake lilikuwa bado lipo: wiki tano, ukipika kidogo.

Mkia wa kadi ya basi niliuacha mwisho, kwa woga.

"Haya, Lado. Sikiliza vizuri. Wanataka jibu langu Ijumaa. Nikisaini ni miaka mitatu. Nisiposaini, mwezi wa pili niko nyumbani. Mimi nimechoka, lakini sijui wewe umepanga nini, siku hizi sikusikii. Sema neno moja tu. Ukisema rudi, narudi. Nitakaa na simu mpaka Ijumaa."

Kisha ukimya wa sekunde mbili tatu, kama bado ana la kuongeza. Halafu basi.

Ijumaa ile nilikuwa nafanya nini? Nilitafuta kwenye simu yangu. Nilikuwa namweleza mtu wa Goma namna ya kumpungia dereva mkono. Na mke wangu amekaa kitandani Malta, simu mapajani, anangoja neno dogo ambalo hata mimi mvivu wa kusikiliza ningelisema bila kufikiri. Najuta. Sina namna nyingine ya kulisema, na nikilipamba nitakuwa narudia ujinga uleule.

Nilimtumia ujumbe wa dakika sita. Nilisema rudi. Nililisema mwanzoni kabisa, na katikati, na mwisho. Nilimwambia sikukataa, sikusikia. Nilipojisikia nikisema hivyo, niliona kwamba kukataa kungekuwa na heshima zaidi, maana anayekataa amesikia swali. Nililia mle kibandani, na Hardy alijifanya anafagia nywele, akifagia palepale.

Siku mbili hakujibu. Ya tatu, saa nne asubuhi, ujumbe ukaingia. Kwa mazoea mabaya niliufungua kwenye kompyuta kwanza, nikaona vilima, halafu mstari mnyoofu, halafu kilima kidogo kimoja, halafu vinundu vya hapa na pale mpaka mwisho. Mkia ulikuwepo.

"Kuna wanaouliza kuhusu mkataba," alisema Godelive, kwa sauti yake ya kunieleza mambo. "Waambie hivi. Ukishasaini, kuuvunja unaweza, lakini kibali cha kukaa kinakwenda nao, na barua ya sifa hupati. Ukiondoka umeondoka, huku hurudi, na huko unaanza sifuri. Kwa hiyo mtu afikiri kabla ya kusaini. Na kama ana mtu wake wa kumuuliza, amuulize mwanzoni mwa ujumbe. Asimuulize mwishoni."

Akavuta pumzi.

"Haya, Lado."

Nikabana vya masikioni kwa mikono miwili. Nilisikia honi ya gari la gesi kwa mbali, ikisogea. Nikasikia mtungi ukiburutwa sakafuni, mlango, na viatu vyake vikishuka ngazi pole pole, ngazi moja, ngazi nyingine. Halafu ujumbe ukaisha.

Niliurudia mara nne. Hardy alikuwa na mteja kitini, kichwa nusu kimenyolewa, na wote wawili walikuwa wananitazama.

"Amesema nini, vieux?"

"Amesema haya."

Hardy akafikiri. "Haya ya kuanza, ama haya ya kumaliza?"

Nikamwambia amalize kumnyoa mtu wake.